Tumbo la Riwaya Chini ya Kitanda

Kengele ya alfajiri ilipogongwa, bweni zima liliamka kama kawaida yake, kwa manung'uniko. Wasichana walishuka vitandani macho yakiwa nusu, wakasaka kandambili kwa vidole vya miguu, wakabeba ndoo na kwenda kupanga foleni bombani. Waliowahi walinawa. Waliochelewa walijifanya wamenawa. Msichana aliyeitwa Mheshimiwa alikuwa siku zote katika kundi la pili, na alijifanya kwa ustadi mkubwa hata matroni aliwahi kumtolea mfano wa usafi mbele ya wenzake.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata shuleni, kwa sababu hakuweza kuomba hata kipande cha sabuni bila kuhutubia. "Ndugu wajumbe," angeanza, ndoo mkononi, "tumekusanyika hapa bombani kwa jambo zito." Wenzake wangevunjika mbavu, na mara nyingi sabuni ingepatikana. Ulimi ule ulikuwa umemwokoa kwenye adhabu nyingi. Kosa lake ni kwamba alianza kuamini kuwa utamwokoa kwenye kila kitu, hata kwenye kusoma.

Darasa la fasihi la kidato cha mwisho lilikuwa dogo. Walikuwa wasichana watano na mwalimu mmoja, katika chumba kilicho nyuma ya maktaba, chenye harufu ya gundi na karatasi za zamani. Mwalimu wao walimwita Nukta bila yeye kujua, au labda alijua na kunyamaza. Kila aliposema jambo ambalo hakutaka lisahauliwe, alitulia, akainua kidole kimoja na kukigusisha hewani, kana kwamba anaweka nukta mwisho wa sentensi.

Muhula huo walipewa riwaya nene juu ya seremala mmoja, mama yake mzazi ambaye kitabuni anaitwa Bibi, na ugomvi wa seremala huyo na jirani yake. Nakala zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Mwalimu, imejaa maandishi pembeni. Nyingine ilikuwa ya maktaba, nayo mgongo wake ulikuwa umechanika. Mtunza maktaba aliikata kwa wembe palipokuwa na mshono, akapata vipande vitano, akakivika kila kimoja jalada la karatasi ngumu. Shuleni pale hilo liliitwa kuchinja kitabu, na vipande viliitwa kwa majina ya viungo: kichwa, shingo, kifua, tumbo na mkia. Kila msichana angesoma kiungo chake, kisha wote wangekaa chini Jumamosi na kusimuliana. Baadaye vipande vingezunguka ili kila mmoja aisome riwaya nzima.

Dada Mkuu wa shule, aliyekuwa katika darasa hilo, alichukua kichwa, kama ilivyomstahili. Mkia ukamwangukia msichana waliyemwita Taratibu, ambaye alifanya kila kitu polepole: alikula polepole, alitembea polepole, alisoma akitikisa midomo kama anayeonja kila neno kabla ya kulimeza. Mheshimiwa akapata tumbo.

Alisoma ukurasa mmoja na nusu. Kisha akagundua kwamba tumbo lile lilikuwa na unene uleule uliokuwa ukitafutwa kwa muda mrefu na kitanda chao. Kitanda hicho cha ghorofa, Taratibu chini na yeye juu, kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila Mheshimiwa alipojigeuza kilipiga kelele hadi matroni akaja na tochi kuuliza nani hajalala. Akaliingiza tumbo chini ya mguu huo. Kitanda kikanyamaza kama mtu aliyeshiba.

Jumamosi ilipofika, na zamu yake ikafika, Mheshimiwa alisimama, akakohoa kidogo, akamuua Bibi.

Alimuua kwa homa, karibu na dirisha, mvua ikinyesha. Alimpa na maneno ya mwisho: "Msinifunike uso. Nataka niuone mlango." Hapo Mheshimiwa mwenyewe alilia, maana alikuwa amejisadikisha. Dada Mkuu alifuta machozi kwa tai yake ya shule.

"Na ile kesi ya seremala, ya ghala la jirani lililochomwa?" aliuliza Taratibu, akiwa bado anapenga kamasi.

"Iliahirishwa."

"Mbona huku mwishoni karakana ya seremala imeshauzwa?"

"Matibabu, mwenzangu. Matibabu na mazishi. Wewe unafikiri homa ni mchezo?"

Taratibu akaandika yote. Vipande vikaanza kuzunguka, isipokuwa tumbo. Dada Mkuu alipoliulizia, aliambiwa liko kwa Taratibu. Taratibu alipouliza, aliambiwa liko kwa Dada Mkuu. Na kwa kuwa kila mmoja aliona kwamba habari za tumbo anazijua, tena amezililia, hakuna aliyelifuatilia sana.

Ikaja wiki ya kongamano la fasihi. Shule za jirani zingekuja, wazazi wangealikwa, na kila shule ingetoa msemaji mmoja juu ya riwaya ile. Nukta aliingia darasani, akaweka chaki mezani.

"Kila mmoja aniambie kwa sentensi moja angezungumzia nini," alisema. "Dada Mkuu."

"Nafasi ya mwanamke katika jamii, Mwalimu."

"Jamii ipi?"

"Jamii kwa ujumla, Mwalimu."

"Kwa ujumla hakukai mtu. Mheshimiwa."

Mheshimiwa akasimama, akatoa sentensi ndefu iliyopita kwenye maudhui, ikazunguka kwenye fani, ikasalimia dhamira, ikarudi ilikotoka. Kidole cha Nukta kilibaki hewani kikisubiri pa kutua.

"Umesema sana," alisema Mwalimu hatimaye. "Ukipata la kusema, njoo uniambie. Taratibu."

Taratibu alifikiri mpaka wenzake wakaanza kuangalia dari. "Mimi ningesema kwa nini Bibi hasalimiwi harusini."

Nukta aliinua kichwa. "Rudia."

"Pale mwisho, Mwalimu, mjukuu anapoolewa. Wageni wanaingia, na mwandishi ameandika salamu ya kila mmoja. Bibi amekaa mlangoni. Wote wanampita. Hakuna anayemsalimu."

"Na sababu unaijua?"

"Naijua, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama kwa furaha ambayo hawakuwahi kuiona usoni mwake. "Basi atakayesema ni wewe. Sababu usinitajie sasa, nataka niisikie siku hiyo pamoja na wengine." Kidole kikatua.

Taratibu alikuwa hajawahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kufuta ubao, maana mwingine alishaufuta na vumbi likatua kabla yeye hajafika. Jioni hiyo aliomba simu kwa matroni, akampigia mama yake, fundi cherehani. Mheshimiwa, aliyekuwa karibu akijifanya anafunga kiatu, alimsikia akisema, "Ndiyo, Mama, mimi. Hapana, si kuimba. Kusema. Utafunga duka? Kweli utakuja?"

Siku iliyofuata baada ya vipindi, Mheshimiwa alimkuta kwenye mabomba ya kufulia, mbele ya soksi zilizoloweshwa, akijizoeza kwa sauti.

"Ndugu wageni, Bibi hasalimiwi kwa sababu Bibi ni mzimu."

Mheshimiwa akacheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Mzimu gani tena?"

"Si amekufa? Wewe mwenyewe ulitusimulia. Homa, dirisha, mlango. Ulilia, Mheshimiwa."

"Nililia, ndiyo."

"Sasa mtu amekufa katikati ya kitabu, na mwishoni amekaa mlangoni. Atakuwa nani? Mwandishi ametumia mbinu."

"Lakini si kuna mahali harusini anapewa sahani, anakula?"

"Anakula. Na anakohoa pia." Taratibu alikamua soksi polepole, uso umekunjamana kwa fikra. "Hicho kikohozi kimenitesa mno. Mzimu unakohoaje? Mwishowe nimeona ni kikohozi cha ishara. Nimekiandikia kurasa kadhaa."

Siku nyingine yoyote Mheshimiwa angekimbia kuwasimulia wenzake kikohozi cha ishara, nao wangecheka hadi matroni aje. Leo hakukimbia popote. Aliuona ukumbi umejaa, Taratibu amesimama mbele akimfafanua mzimu unaokula, na walimu wa shule nyingine, ambao vitabu vyao havikuchinjwa, wakitazamana. Aliuona uso wa fundi cherehani aliyefunga duka.

Labda Bibi alikufa kweli, alijifariji. Vibibi vya riwayani hufa sana. Akaenda bwenini, akainua kitanda kwa bega, akalichomoa tumbo. Kitanda kikainama upande mmoja kama kinachotaka kusikiliza. Juu ya jalada, mguu wa chuma ulikuwa umeacha shimo la duara.

Alijificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akasoma. Mwanzoni alisoma kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha: anaruka, anarudi, anapekua. Kisha, bila kujua ni wapi, akaacha kutafuta, akawa anasoma tu.

Hapakuwa na homa, wala dirisha. Palikuwa na mahakama, na Bibi amesimama kizimbani ameshika mkongojo.

"Mama, huyu unamjua?" anauliza hakimu.

"Ni mwanangu wa kwanza."

"Usiku ule ghala la jirani lilipoungua, ulimwona?"

"Nilimwona na dumu la mafuta ya taa."

Seremala anaamriwa kulipa ghala lote, na karakana inauzwa. Siku ya pili Bibi anaamka, anatoka uani, anasema, "Hamjambo?" Mkwe anaendelea kufagia. Wajukuu wameshakanywa. Paka peke yake anainua kichwa. Kesho yake anasema tena, "Hamjambo?" Na kila siku inayofuata anasema hivyohivyo, kwa sauti ileile, kwa watu walewale, mpaka mwisho wa tumbo.

Mheshimiwa alifunga kipande. Alikuwa amejivunia kile kifo chake cha mvua na dirisha. Kumbe mwandishi alikuwa amemfanyia Bibi jambo zito kuliko kifo: alimwacha hai. Na palikuwa na jambo lingine, dogo na la aibu, lililomjia: kitabu hiki kilikuwa kinamwonyesha wazi yanayompata mtu anayesema kweli.

Kwa hiyo alijaribu kwanza njia ya mkato. "Taratibu, mwenzangu," alisema bwenini, "kwa nini usizungumzie mandhari? Mandhari haina ugomvi na mtu."

"Nimeshamwambia mama habari za Bibi," alijibu Taratibu, akikunja soksi. "Amesema nisimame wima na niseme kwa sauti."

Mheshimiwa akatafuta maneno yake mazuri, yale ya bombani, hakuona hata moja. Akatoa tumbo nyuma ya mgongo, akaliweka kitandani.

"Bibi hakufa," alisema.

"Nani kasema?"

"Kitabu. Mimi sikukisoma. Nilitunga. Homa, dirisha, yote nilitunga. Na hakikuwa kwa Dada Mkuu. Kilikuwa hapa."

Taratibu alilitazama shimo la duara kwenye jalada. Akautazama mguu mfupi wa kitanda. Mambo hayo mawili aliyaunganisha polepole, kama kawaida yake, na Mheshimiwa alitamani angefanya haraka. Mwishowe akalichukua tumbo, akageukia ukutani, akaanza kusoma.

Hakusema neno wakati wa chakula. Hakusema neno asubuhi. Na habari zilikuwa zimeshawafikia wenzao wengine watatu, maana bweni halina milango ya kutosha kuzizuia. Foleni ya bombani ilipokaa sawa, Mheshimiwa akajikaza. "Ndugu wajumbe," alisema. Bomba peke yake liliitikia. Dada Mkuu alikuwa anasoma maandishi ya ndoo yake kwa makini sana.

Siku hiyohiyo, kabla ya vipindi, Mheshimiwa alikwenda ofisi ya walimu, akamkuta Nukta anasahihisha, akamweleza kila kitu akiwa amesimama.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Taratibu ameshajua. Angeweza kuibadilisha mada kimyakimya, nami nisingejua. Kwa nini umekuja?"

"Kwa sababu akikwama, Mwalimu, ungedhani ni uzembe wake. Si wake. Ni wangu."

"Na hukuja na hotuba?"

"Sina, Mwalimu."

"Naona." Nukta aliweka kalamu chini. "Mimi nami nilisikia swali zuri, nikafurahi nalo, nikadhani jibu limo ndani. Sikuuliza. Hilo ni langu. Wewe, baada ya kongamano utakaa na mtunza maktaba, mtaishona ile riwaya iwe kitabu tena. Sindano na uzi utashika wewe. Sasa niitie Taratibu."

Taratibu aliulizwa kama anataka kujitoa. Alifikiri, akasema, "Ngoja nimalize kwanza, Mwalimu." Akaomba mkia tena, akaenda nao na tumbo chini ya kwapa.

Siku ya kongamano ukumbi ulijaa hadi wanafunzi wakakaa madirishani. Mama yake Taratibu alikuwa mstari wa pili, nguo yake imepigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Mheshimiwa alisimama nyuma kabisa, mlangoni, kwa kuwa kwenye benchi la darasa lao hakuna aliyesogea kumpa nafasi.

Taratibu alipanda jukwaani kwa mwendo wake. Watu walianza kukohoa kabla hajafika. Alisimama wima, akasema kwa sauti:

"Mimi nilidhani Bibi amekufa."

Kicheko kidogo kilipita upande wa wageni. Nukta, kando ya jukwaa, hakutikisika.

"Niliambiwa alikufa katikati ya kitabu, nikaamini," Taratibu aliendelea. "Kisha nikafika mwisho, nikamwona amekaa mlangoni. Nilimwona anakula. Nilimsikia anakohoa. Mwandishi alikuwa ananionyesha kwa kila njia kwamba huyu mtu yu hai. Lakini mimi nilikuwa nimeshaambiwa. Kwa hiyo nikasema ni mzimu, na kikohozi chake nikakiita ishara."

Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nilipouliza kwa nini watu wa nyumba ile hawamsalimu, niliona kwamba wao na mimi tumefanya jambo moja. Bibi alisema kweli mahakamani. Kweli hiyo iliwaumiza, wakakubaliana kwamba amekufa. Baada ya kukubaliana, hata akikohoa hawasikii. Kwa sababu atakayemsalimu itabidi akubali kwamba Bibi yupo, na akikubali kwamba yupo, itabidi akubali kwamba alichokisema kipo. Ni rahisi zaidi kupita."

Alinyamaza. Watu walidhani amemaliza, wakainua mikono kupiga makofi, kumbe anafikiri.

"Lakini yeye kila siku anasema hamjambo. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hakufa. Nashukuru."

Mwalimu mmoja wa shule ya wageni akasimama. "Binti, kwa maoni yako, Bibi alifanya vizuri kumsemea mwanawe mbele ya hakimu?"

Taratibu alikaa kimya kwa muda ambao ungemtoa jasho mtu mwingine yeyote. "Vizuri kwake, sijui," alijibu. "Jirani aliyechomewa ghala, naye alikuwa na watoto."

Makofi yalianza polepole, kwa heshima yake labda, kisha yakajaa ukumbi. Mama yake hakupiga. Mikono yote miwili alikuwa ameiweka mdomoni.

Walipotoka, umati ulipita mlangoni, na Mheshimiwa akabanwa ukutani. Walimpita wageni. Alipita Dada Mkuu, akitazama mbele. Mheshimiwa alianza kuyatazama mawe ya sakafu. Viatu viwili vilisimama mbele yake, vikiwa vimechelewa kuliko vyote.

"Mheshimiwa," alisema Taratibu. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama, huyu ndiye anayelala juu yangu."

"Shikamoo, Mama," alisema Mheshimiwa.

"Marahaba, mwanangu." Fundi cherehani alimkagua juu hadi chini kama anayempima gauni. "Ndiye yule mwenye maneno mengi?"

"Ndiye. Leo yamemwishia."

Wiki iliyofuata, katika chumba cha nyuma ya maktaba, Mheshimiwa alikuwa ameinamia meza, uzi mdomoni, akikishona kiungo kwa kiungo kile kitabu kilichochinjwa. Alijidunga mara nyingi, wala hakuhutubia. Wenzake wote walikuwepo, kila mmoja amebana upande wake wa jalada. Nukta alikuja akasimama nyuma yao.

"Mheshimiwa, uongo wako ulikuwa mtamu," alisema, "na ndiyo maana ulikuwa na hatari. Mbaya hauaminiwi na mtu. Ukisimulia kitu ambacho hujakisoma, mwalimu humpunguzii chochote. Unamziba mwenzako macho, naye anaenda kuyatazama mambo yaliyo mbele yake bila kuyaona. Na ninyi wengine, mkiona mzimu unakohoa, rudini mkasome. Msikitungie kikohozi maana." Akageuka tena kwa Mheshimiwa. "Ulikuja ofisini ukijua watakununia. Bibi pia alijua. Hilo nimeliona." Akainua kidole, akakigusisha hewani.

Jioni hiyo Mheshimiwa alipanda kitandani kwa tahadhari, maana tangu tumbo liondoke kitanda kilikuwa kimerudia kelele zake, na matroni alikuwa amerudia tochi yake. Akajigeuza kushoto. Kimya. Akajigeuza kulia. Kimya. Akachungulia chini. Mguu mfupi ulikuwa umekanyaga furushi la karatasi zilizokunjwa vizuri, zenye mwandiko wa polepole.

"Taratibu, hizo ni nini?"

"Zile za kikohozi cha ishara," alijibu Taratibu, akivuta shuka. "Unene wake umetosha. Lala."